Prudencio Unanue: Aliyewauzia mbaazi watu wasiohesabiwa

MWAKA 1976 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzitaka idara za serikali zikusanye na kutoa takwimu za hali ya kiuchumi na kijamii ya Wamarekani wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania. Mwaka huo huo alifariki dunia mzee mmoja aliyekuwa anakaribia miaka 90, mhamiaji kutoka mji mdogo wa kaskazini mwa Hispania. Jina lake Prudencio Unanue.

Serikali ndiyo kwanza ilikuwa inataka kuwajua watu hao ni wangapi, wanaishi vipi na wana kipato gani. Unanue alikuwa amekwisha kuwauzia chakula kwa miaka 40.

Sensa ya Marekani ya mwaka 1980, iliyokuwa ya kwanza kumuuliza kila mkazi kama ana asili hiyo, ilihesabu watu milioni 14.6. Mwaka 2000 walikuwa milioni 35.3 na mwaka 2020 wakafika milioni 62.1, yaani karibu mtu mmoja kati ya kila watano. Takwimu za serikali za mwaka 2012 zilionyesha kuwa wanamiliki biashara milioni 3.3, nyingi zikiwa ndogo ndogo za mtu mmoja au familia. Kwa mujibu wa hesabu za wachumi wa vyuo vikuu vya California, thamani ya bidhaa na huduma walizozalisha watu hao, wanaoitwa kwa kifupi Walatino, ilifikia Dola trilioni 3.2 mwaka 2021. Wangekuwa nchi inayojitegemea, wangehesabiwa miongoni mwa nchi tano zenye uchumi mkubwa kuliko zote duniani.

Leo hakuna kampuni kubwa Marekani isiyowataka wateja hao. Lakini kuna wakati walionekana ni maskini wasio na faida kwa mfanyabiashara. Maisha ya Unanue yanaonyesha jinsi mtu mwenye mtaji mdogo alivyoweza kuliona soko hilo mapema, na kwa nini wenye mitaji mikubwa walilipita.

Kijana wa Villasana

Unanue alizaliwa mwaka 1886 katika mji mdogo wa Villasana de Mena, mkoa wa Burgos. Wakati ule vijana wengi wa kaskazini mwa Hispania walipanda meli kwenda Amerika kutafuta maisha. Mashamba ya nyumbani yalikuwa madogo, na familia zilikuwa na watoto wengi kuliko ardhi ya kuwarithisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900, akiwa bado kijana, Unanue naye akaondoka. Alifikia Puerto Rico, kisiwa cha Bahari ya Karibi ambacho kilikuwa kimetawaliwa na Hispania kwa karne nne. Mwaka 1898 Marekani iliishinda Hispania vitani na kukichukua. Bendera ilibadilika, ila biashara nyingi za jumla na maduka ya mijini ziliendelea kuwa mikononi mwa Wahispania. Kwa kijana aliyetoka Burgos, lilikuwa ni jambo la kawaida kuanzia kazi humo.

Akiwa kisiwani Unanue aliingia katika biashara ndogo ya kusambaza vyakula. Humo ndimo alimojifunza mambo mawili yaliyomsaidia maisha yake yote. La kwanza ni kazi yenyewe ya chakula: kununua, kuhifadhi, kupima, kukopesha na kudai. La pili ni midomo ya watu wa Puerto Rico, yaani wanakula nini, wanakipika vipi na wanakataa nini. Somo hilo la pili halikuwa na bei wakati ule, lakini miaka 30 baadaye likawa mtaji.

Alimuoa Carolina Casal, mwanamke ambaye pia asili yake ni Hispania na aliyekuwa ameishi Puerto Rico. Baadaye wakaweka makazi New York, na Unanue akaingia kwenye kazi ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Walipata watoto, na baadhi yao, wakiwamo Charles, Joseph na Francisco, walikuja kufanya kazi katika biashara ya wazazi wao.

Vita yakata njia ya bidhaa

Wateja wa kwanza wa Unanue walikuwa Wahispania wenzake. New York ilikuwa na mtaa wao, upande wa magharibi wa barabara ya 14, wenye mikahawa, vilabu na maduka yao. Watu hawa walitaka vitu vitatu ambavyo Mmarekani wa kawaida hakuvijali sana: mafuta ya zeituni, zeituni zenyewe, na samaki wa kopo aina ya sadini. Vyote vilitoka Hispania kwa meli.

Mwaka 1936 Unanue na Carolina walifungua kampuni yao katika barabara ya Duane, kusini mwa kisiwa cha Manhattan. Eneo hilo lilikuwa la wauzaji wa jumla wa vyakula. Siagi, mayai, matunda na mboga za jiji zima vilipitia huko kabla ya kufika madukani.

Wakati uliwageuka. Julai 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vililipuka Hispania na kuendelea hadi mwaka 1939. Mashamba yaligawanyika kati ya pande mbili, na bandari zikawa mahali pa hatari. Muagizaji aliyekuwa ameweka matumaini yake yote kwenye nchi moja alijikuta ana wateja lakini hana mzigo.

Mkulima na mfanyabiashara wa Tanzania anaijua hali hii vizuri. Agosti 2017 India, iliyokuwa mnunuzi mkuu wa mbaazi za nchi yetu, iliweka ukomo wa uagizaji wa zao hilo. Bei ikaporomoka, na wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara wakabaki na magunia ndani. Wao walikuwa na mzigo bila mnunuzi na Unanue alikuwa na wanunuzi bila mzigo, lakini kosa lilikuwa lile lile la kutegemea mlango mmoja.

Unanue hakufunga duka. Alitafuta mlango mwingine akaupata Moroko, ng'ambo ya mlango wa bahari unaoitenganisha Afrika na Hispania. Bahari ya Moroko ina sadini wengi, na viwanda vya kuwasindika vilikuwepo. Samaki wakaendelea kufika New York.

Jina la Dola moja

Pamoja na sadini wa Moroko likaja jina. Historia inayosimuliwa na kampuni yenyewe ni kwamba sadini hao walikuwa wakiuzwa kwa chapa ya Goya, na Unanue akanunua haki ya kulitumia jina hilo kwa Dola 1 ya Marekani.

Kwa nini asitumie jina lake mwenyewe? Unanue ni jina la Kibaski, na Wamarekani lilikuwa likiwashinda kulitamka. Goya ni herufi nne tu. Mtoto anaweza kulisoma, na mama asiyejua kusoma anaweza kulitambua kwenye kopo. Aidha, ni jina la mchoraji mashuhuri wa Hispania, Francisco de Goya, hivyo kwa Mhispania lina heshima na harufu ya nyumbani.

Wafanyabiashara wengi wadogo huona chapa kuwa ni anasa ya makampuni makubwa. Lakini bidhaa isiyo na jina haina kumbukumbu. Mteja aliyeipenda leo hana namna ya kuiulizia kesho, na aliyeiuza hawezi kudai bei ya ubora kwa sababu inafanana na zote. Kila kopo la Goya lililoliwa na mtu akaridhika lilikuwa linatangaza kopo linalofuata.

Wageni washuka New York

Laiti Unanue angebaki na Wahispania wa barabara ya 14 pekee, huenda jina lake lingesahaulika. Jamii hiyo ilikuwa ndogo na haikukua sana. Kilichobadilisha mambo ni watu wa kile kisiwa alichokijua ujanani.

Wapuerto Rico walikuwa wamepewa uraia wa Marekani mwaka 1917, hivyo hawakuhitaji viza kwenda New York. Kisiwani kazi kubwa ilikuwa mashamba ya miwa, na kazi ya miwa ni ya msimu. Mavuno yakiisha, maelfu ya vibarua walikaa miezi bila kipato. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kisiwa ilisukuma viwanda kwa nguvu, lakini ajira za viwandani hazikutosha kuwameza wote walioacha mashamba. Wakati huo huo safari za ndege kati ya San Juan na New York zikawa nafuu, na safari iliyokuwa ya siku kadhaa melini ikawa ya usiku mmoja.

Mwaka 1940 Wapuerto Rico waliokuwa Marekani bara walikadiriwa kuwa 70,000. Mwaka 1950 walifika takriban 300,000. Mwaka 1960 walikaribia 900,000, na wengi wao walikuwa New York na vitongoji vyake. Walifanya kazi za viwanda vya nguo, hoteli, kufua na kusafisha. Mishahara ilikuwa midogo na nyumba walizopanga zilikuwa mbovu. Katika magazeti ya jiji walitajwa zaidi kama tatizo.

Makampuni makubwa ya chakula yaliwatazama watu hawa na kuona mifuko mitupu. Unanue aliona jambo lingine. Mtu maskini hula kila siku kama tajiri, na sehemu kubwa ya kipato chake huishia jikoni. Anaweza kuahirisha kununua kiti au redio, ila hawezi kuahirisha maharage na mchele.

Chukua mfano wa hesabu tu. Familia moja ikinunua makopo matatu ya maharage kwa wiki, hiyo ni biashara isiyomshtua mtu. Familia 100,000 zikifanya hivyo kwa mwaka mzima ni makopo milioni 15.6. Mwenye duka kubwa aliyeitazama familia moja hakuliona ghala hilo. Aliyezitazama familia zote kwa pamoja aliliona.

Duka la mtaani

Wapuerto Rico hawakununua chakula chao kwenye maduka makubwa. Walinunua kwenye maduka madogo ya mitaani yanayoitwa bodega, ambayo wenyewe waliyafungua katika Harlem ya Mashariki, Bronx na Brooklyn. Bodega ni chumba kimoja chenye rafu hadi darini, mwenye duka nyuma ya kaunta, na mlango unaofungwa usiku sana. Mwenyeji wa Kariakoo au Mwanjelwa asingehitaji kuelezwa.

Mwenye bodega aliwajua wateja wake kwa majina. Aliwauzia kidogo kidogo, akawaandika kwenye daftari, nao wakalipa Ijumaa mshahara ulipotoka. Kwa mgeni asiyejua Kiingereza, duka hilo lilikuwa pia mahali pa kuulizia kazi, chumba na habari za nyumbani. Bei yake ilikuwa juu kidogo kuliko ya duka kubwa, lakini duka kubwa halikukopesha wala halikuwa na alichokitaka mteja huyo.

Harlem ya Mashariki ilikuwa pia na soko lake maarufu, chini ya reli ya Park Avenue. Kabla ya hapo wachuuzi wa mikokoteni walijazana barabarani. Meya Fiorello La Guardia hakuwataka barabarani, na mwaka 1936, mwaka ule ule wa kampuni ya Unanue, jiji likawajengea soko chini ya madaraja ya reli. Lilianza na wachuuzi wa mataifa mbalimbali, lakini miaka ilivyokwenda likawa soko la Wapuerto Rico na kuitwa La Marqueta. Mihogo, ndizi za kupika, viazi vikuu na samaki wa chumvi vilipatikana hapo.

Huko ndiko Unanue alikopeleka bidhaa zake. Wauzaji wa jumla wakubwa walitaka oda kubwa, kwa sababu gari likisimama kwenye duka dogo kushusha katoni mbili halilipi mafuta. Goya ilijenga utaratibu wa kwenda dukani yenyewe. Wauzaji wake, waliozungumza Kihispania, walipita bodega hadi bodega, wakachukua oda ndogo na kuzifikisha.

Kwa mahesabu ya haraka huo ni usambazaji wa gharama kubwa. Lakini uliipa kampuni faida mbili zisizoandikwa kwenye ankara. Kwanza, mwenye bodega hakulazimika kufunga mtaji wake mdogo kwenye mzigo wa mwezi mzima. Alinunua kidogo, akauza, akanunua tena. Pili, muuzaji wa Goya alisikia kwenye kaunta kile ambacho mteja alikiulizia na kukikosa. Habari hiyo ilifika ghalani mapema kuliko kwa mshindani yeyote.

Kila kundi na maharage yake

Habari za kaunta zilionyesha kuwa wateja wanaozungumza lugha moja hawali chakula kimoja. Mpuerto Rico anapenda maharage ya rangi ya waridi. Mcuba bila maharage meusi hajala. Mdominika huchagua mekundu, na Mmexico anataka yenye madoadoa. Kwa mtu wa nje yote ni maharage. Kwa mama anayepika, kumpa ya aina nyingine ni kumwambia hujui yeye ni nani.

Baada ya Wapuerto Rico wakaja wengine. Mapinduzi ya Cuba ya mwaka 1959 yaliwaleta maelfu ya Wacuba Miami na New Jersey. Rafael Trujillo, dikteta wa Jamhuri ya Dominika, aliuawa mwaka 1961, vurugu zikafuata na Wadominika wengi wakaelekea New York. Kila wimbi lilikuja na chungu chake, na Goya ikaongeza aina za makopo na viungo. Mfanyabiashara ambaye angewaona wote kuwa ni Walatino tu angewauzia kitu kimoja na kuwakosa wengi.

Mfano mzuri kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni mbaazi. Zao hili asili yake ni India. Liliingia Afrika, na kutoka Afrika likavuka Bahari ya Atlantiki katika zama za biashara ya utumwa. Puerto Rico huitwa gandul, na wali wa mbaazi ndicho chakula kikuu cha Krismasi. Jirani zao wa Jamhuri ya Dominika hupika wali wa mbaazi kwa tui la nazi, pishi ambalo mtu wa Tanga au Mombasa angelitambua kwa harufu tu.

Mbaazi za kienyeji hutoa maua siku zinapokuwa fupi, hivyo kisiwani huko mavuno huangukia karibu na mwisho wa mwaka na miezi michache inayofuata. Watu wa huko huzipenda zikiwa bado mbichi za kijani. Mbaazi mbichi haikai, na New York wakati huo ni theluji. Mpuerto Rico aliyekuwa Bronx angezipataje? Jibu lilikuwa kopo. Kusindika kuliigeuza mbaazi ya wiki chache kuwa ya mwaka mzima, na kuifikisha maili zaidi ya 1,600 kutoka shambani.

Mwaka 1949 kampuni iliweka kiwanda cha kusindika Puerto Rico. Katika miaka ya 1970 ikaanzisha kingine Jamhuri ya Dominika, nchi ambayo bonde lake la San Juan hulima mbaazi nyingi. Hivyo muagizaji wa sadini akawa msindikaji. Faida iliyokuwa ikibaki kwa wenye viwanda wengine ikaanza kubaki kwake, na mkulima akapata mnunuzi mwenye kiwanda.

Hata hivyo, isifikiriwe kuwa kila mkulima alineemeka. Kilimo cha Puerto Rico kiliendelea kusinyaa katika miaka hiyo hiyo, na hadi leo kisiwa hicho huagiza kutoka nje chakula chake kilicho kingi. Mteja wa Goya aliyekuwa Bronx mara nyingi alikuwa ni mtoto wa mkulima aliyeacha jembe. Kampuni ilikua kwa sababu watu walihama, na watu walihama kwa sababu shamba halikuwalisha tena.

Watoto wa ghala

Biashara ya Unanue ilikuwa ya familia tangu siku ya kwanza. Carolina alikuwa mshirika wake, na watoto walisaidia kufungasha zeituni baada ya masomo. Joseph, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1925, alianza kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 10 hivi. Alipokua alipigana upande wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiwamo katika mapigano makali ya Ardennes mwishoni mwa mwaka 1944. Aliporudi alisoma uhandisi, na elimu hiyo akaileta kiwandani.

Mwaka 1974 kampuni ilihamia Secaucus, New Jersey, kwenye ghala kubwa lililo karibu na barabara kuu zinazoingia New York. Miaka miwili baadaye mzee akafariki na Joseph akachukua uongozi.

Joseph ndiye aliyezisukuma bidhaa kutoka bodega kuingia supamaketi. Haikuwa kazi nyepesi. Maduka makubwa yaliamini kuwa chakula hicho ni cha watu wa mitaa fulani tu. Yalibadili mawazo taratibu, kadiri Walatino walivyohamia vitongoji vipya na kadiri sensa za 1980, 1990 na 2000 zilivyozidi kutoa hesabu zisizobishika.

Magharibi mwa Marekani, ambako Wamexico ni wengi zaidi, Goya ilikuta ukuta. Wateja hao walikuwa na chapa zao walizozizoea, na elimu ya chungu cha Puerto Rico haikutosha kuwapata. Hata hivyo kampuni iliendelea kukua. Mauzo yake ya mwaka yalivuka Dola bilioni 1, aina za bidhaa zikafika zaidi ya 2,500, na ikatambulika kuwa kampuni kubwa kuliko zote za chakula zinazomilikiwa na Walatino nchini Marekani.

Mali ya familia haikukosa ugomvi wa familia. Mwaka 2004 Joseph aliondolewa katika uongozi na ndugu wa ukoo wake, na shauri likafika mahakamani katika jimbo la Delaware. Wajukuu wa mwanzilishi wakashika usukani.

Nguvu ya mteja

Julai 2020 dunia iliona upande mwingine wa soko hili. Robert Unanue, mjukuu wa Prudencio na mkuu wa kampuni wakati huo, alimsifu Rais Donald Trump hadharani akiwa Ikulu ya Marekani. Walatino wengi, waliokuwa wamechukizwa na msimamo wa rais huyo kuhusu wahamiaji, walitangaza kuzisusia bidhaa za Goya. Wafuasi wa rais nao wakanunua kwa wingi kuiunga mkono kampuni. Kwa majuma kadhaa kopo la maharage likawa habari ya kitaifa.

Bila kujali nani alikuwa sahihi, tukio hilo lilionyesha jambo moja. Wateja ambao miaka ya 1950 hakuna aliyewapigia hesabu walikuwa wamefika mahali ambapo kununua kwao au kutonunua kwao kunatikisa siasa za taifa kubwa. Vilevile lilionyesha kuwa imani ya mteja hairithiwi kama ghala. Babu aliijenga kwa katoni mbili mbili kwenye mlango wa bodega, na mjukuu akajikuta anaijaribu kwa sentensi chache.

Bodega nazo zimebadilika. Wapuerto Rico wengi waliuza maduka yao kwa Wadominika, na miaka ya karibuni nyingi zimechukuliwa na Wayemeni. Rafu bado zina makopo yale yale, kwa kuwa kila mgeni anayenunua duka la mtaani hujifunza haraka kwamba mwenye mali ni mteja aliye mtaani hapo.

Unachoweza kuchukua

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, maisha ya Unanue hayafundishi kwamba kila anayeuza sadini atakuwa bilionea. Alikuwa na bahati ya kuwa mahali ambapo watu wengi walikuwa wanakuja. Lakini wauzaji wa jumla wengine wa barabara ya Duane waliwaona watu hao hao wakishuka jijini, na hawakuwauzia.

Tofauti ilikuwa katika maswali aliyojiuliza. Wengi walitazama kipato cha mtu mmoja na kuuliza ana fedha kiasi gani. Unanue aliuliza anakula nini, ananunua wapi, na kwa kipimo gani. Ukiwa na majibu ya maswali hayo matatu unaweza kujua ulime nini, ufungashe vipi na umpelekee nani. Mbaazi inayouzwa kwa gunia kwa mnunuzi mmoja wa mbali ni mali. Mbaazi hiyo hiyo ikichambuliwa, ikafungashwa kwa kilo moja na nusu kilo, ikapewa jina na kupelekwa kwenye maduka 50 ya mjini, ni mali yenye milango 50.

Kazi hiyo inahitaji miguu zaidi kuliko mtaji. Inahitaji mtu wa kupita duka hadi duka, kuandika oda ndogo bila kuidharau, kurudi wiki inayofuata, na kumuuliza mwenye duka ni kitu gani wateja walikiulizia wakakikosa.